Valeriani Bura, Uliyejiita Paker

Mwaka umezunguka, Valeriani, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za turubai la Fuso yako, ukaanguka, wala hukuinuka tena.

Tuanze na yale yasiyo na utata. Ulikuwa mpole. Ulipeleka mahindi na maharage ya Mbulumbulu hadi Wasso kwa barabara ile inayochosha hata kuisimulia, na hukumwacha mtu njiani kwa sababu hana nauli. Ukirudi ulipiga honi kwenye kona ya kanisa ili ugali uanze kusongwa. Maharage uliyapenda yakishika chini ya sufuria kidogo, ukidai hapo ndipo ladha ilipo, na hakuna mpishi aliyejua kama unamsifu au unamsuta.

Na jina lako ulilipenda. Simu ulipokea kwa kusema, "Valeriani Bura hapa naongea," hata anayepiga akiwa ni mke wako, tena yuko jikoni. Mdogo wako Boazi alipojiita Simba wa Daa kwenye Facebook ulimcheka mpaka akakasirika. "Mtu ameshabatizwa," ulimwambia, "jina lingine la nini?"

Ndiyo maana tulichanganyikiwa. Baada ya matanga, mwanao Filbert alifungua simu yako ili awape taarifa watu wako wa safari. Akakuta huko mtandaoni huitwi Valeriani wala Bura. Kote umejiandika Paker. Na ujumbe wa mwisho ulikuwa wa mwanamke, Nanyokie wa Nainokanoka, huko juu kwa Wamaasai: "Paker, mbona kimya? Mtoto ameanza kutembea. Njoo umwone."

Mkeo Bibiana aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake. Yeye ni Mama Filbert, wewe ulikuwa Baba Filbert. Sasa huko juu ulikuwa baba wa nani? Boazi alisema labda Paker ni jina la timu. Katekista alilitafuta kwenye Biblia, akarudi mikono mitupu. Binti yenu Edna alitaka kwenda stendi ya Karatu kumwuliza Mmaasai yeyote, lakini mama yake akamkataza.

"Ukiuliza stendi asubuhi," alisema, "jioni wananiuliza mimi sokoni."

Akaizima simu yako, akaifungia kabatini.

Hatutakuficha, Valeriani, alikukasirikia. Mafundi walipokuja kujengea kaburi aliwarudisha na saruji yao. "Sijengei mtu nisiyejua alikuwa mume wa nani," aliwaambia. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa bado anakupenda. Akitaka kukulilia anamkumbuka Nanyokie, akitaka kukulaani anaikumbuka honi yako kwenye kona ya kanisa. Misa ya mwaka ikakaribia, kaburi likiwa bado tuta la udongo, na majirani wakaanza kusema kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Edna ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliitoa simu kabatini bila ruhusa, akampigia Nanyokie, akamwambia mwenye simu alishafariki. Wiki haikuisha, yule mama akateremka kwenye lori hapa Mbulumbulu, mtoto mgongoni, na mumewe, mzee Sairowua, mbele yake. Bibiana alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu, akitafuta pua yako. Hakuiona. Akawakaribisha chai, lakini uso aliukunja vilevile.

"Mama, pole sana," alisema Sairowua. "Sisi hatukujua. Tulisema, Paker ametukasirikia."

"Huyo Paker ni nani? Mume wangu aliitwa Valeriani."

"Hapa kwenu, sawa. Kwetu sisi, mtu akikupa mfugo, jina lake unaacha. Mnaitana kwa ule mfugo. Kondoo tunasema enker. Huyu alinipa kondoo, basi mimi namwita Paker, na yeye ananiita mimi Paker. Mpaka kufa ni hivyo."

Nanyokie akaeleza yaliyobaki. Mwaka ule wa ukame alijifungua, na kwao mama aliyejifungua huchinjiwa kondoo apate mafuta ya kumrudishia nguvu. Kondoo wao walikuwa wamekwisha kufa. Wewe ulikuwa mtu wa kulala kwao kila lori lilipoharibika njiani, kwa hiyo ulimwona alivyolegea, ukaondoka bila kusema neno. Safari iliyofuata ulimteremsha kondoo mweusi, mnene, sikio moja limechanika.

Bibiana akaweka kikombe chini.

Kondoo yule alikuwa wake. Alipewa na mama yake, akamlisha maganda ya viazi na pumba mpaka mkia ukamwelemea, na wewe ndiye uliyemwambia kwamba ameliwa na fisi. Tena mlikwenda wote hadi korongoni kutafuta mifupa. Ukamwonyesha na nyayo.

"Fisi wa watu kasingiziwa bure," alisema Boazi, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nyumba yako ikacheka. Bibiana alicheka na kulia kwa pamoja, ikawa hatujui tumbembeleze au tumwache.

Sairowua akaelewa. Kisha akamgeukia mkeo. "Kama kondoo alikuwa wako, mama, basi sisi tumekosea. Paker ni wewe."

"Na yeye je?"

"Yeye?" Mzee akafikiri. "Yeye alikuwa dereva."

Kaburi limejengwa sasa, na msalabani tumeandika Valeriani Bura kama ulivyotaka. Lakini bado hatukuelewi. Ulijitangaza Paker mbele ya dunia nzima, ukalificha jina hilo kwa nyumba moja tu, ya kwako. Ulimwogopa baba yako, ambaye hadi leo ana ugomvi na Wamaasai kwa ng'ombe walioibwa ujanani mwake? Uliona haya kutoa cha mwenzio? Au ulipenda tu kuwa na mahali ambapo watu wanakuita kwa kitu ulichotenda? Bibiana hulijaribu jibu hili asubuhi na lile jioni, na hakuna linalomtosha. Hasira imemwisha. Kuchanganyikiwa hakujamwisha.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bibiana, ambaye Nanyokie humpigia simu na kumwita Paker, naye huitika. Wanao Filbert na Edna. Baba yako mzazi, ambaye mambo ya kondoo hatujamwambia na tunaomba asisomewe hapa. Mdogo wako Boazi, ambaye bado ni Simba wa Daa. Pamoja na Sairowua, Nanyokie na mtoto wao, ambaye siku hizi anakimbia.

Siku zote utakuwa nasi, Valeriani. Mkeo ametuomba tuongeze neno lake moja, kwa kuwa kaburini amekuuliza na hukumjibu: "Baba Filbert, kwa nini hukuniomba? Ningekupa."