Kivuli Chako kwenye Boya la Tatu

Karakana ya Mashua,
Chumba cha Juu.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikufikie huko kwa Shangazi kabla chai yako haijapoa. Bega linaendeleaje? Mama anasema sasa unaweza kuchana nywele mwenyewe. Nimefurahi sana, ingawa nywele zenyewe sijui ni zipi. Mimi ni mzima, ila siku hizi nikifumba macho naona maji tu.

Tangu siku ile pua ya katamarani yetu yenye matumbo mawili ilipochimba maji ukarushwa nje, usukani wako hauna mwenyewe. Tunaugombea watu watatu, tena tukiwa tumekaa. Yule fundi wa kompyuta, Miwani, amefunga mashine ya mazoezi kwenye stoo ya matanga: kiti kinachotikisika, usukani, skrini tatu, na feni ya kutupulizia upepo. Tunaiita mashua kavu. Mama alipokuja kuiona aliuliza, "Hivi mwanangu, kazi yako ni kuendesha televisheni?"

Lakini Kaka, inapaa! Upepo ukishika, mashua inainuka juu ya yale mabawa yake ya chini ya maji, kelele za mawimbi zinakatika, unabaki mluzi mwembamba tu. Nakuwa kama naota. Nasahau stoo, nasahau hata kwamba miguu yangu iko kwenye zulia kuukuu. Napenda hali ile kuliko ninavyoweza kukueleza.

Na humo ndani nakukuta wewe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe hupo na lako lipo kila asubuhi. Vile vihisio vya mashua vinavyopima kila mwendo vilihifadhi mbio zako zote, kila ulivyozungusha usukani, na Miwani akakutengenezea kivuli: mashua ya rangi ya moshi inayotutangulia kwenye skrini. Kocha ametangaza kwamba atakayekipita kivuli hicho hadi mwisho ndiye atakayeshika usukani Jumamosi, kwenye mbio zenyewe.

Kofia yako ya mbio, ile yenye kinasa sauti, nayo ilirekodi sauti yako, na Miwani akaiunganisha na kivuli. Kila ukifika boya la tatu unaibembeleza mashua, "Haya, mama, twende," halafu unakata kona.

Ni boya hilohilo lililokuwa likinishinda. Nakufikia pale, kisha nabaki nyuma. Nilisingizia kiti, nikasingizia na feni. Miwani akafungua michoro ya kompyuta mbele ya wote: kila nikikukaribia, mkono wangu unalegea. Mashine haina haya. Kocha akaniuliza, "We Kiroboto, unamsubiri nani?"

Nikainama kurekebisha kiti. Wewe nakujibu: nilikuwa nasubiri mpaka useme lile neno lako la boya la tatu. Nilijua pia kwamba nikikupita, kiti chako nimekichukua. Niliogopa, Kaka.

Jana nilikaza mkono. Boya la tatu likaja, nikakata kona kabla yako. Mbele yangu hapakuwa na moshi tena, maji matupu tu yanang'aa. Halafu sauti yako ikatoka nyuma yangu, kama zamani ulipokuwa ukinisukuma kwenye baiskeli: "Haya, mama, twende." Nililia hadi mwisho wa mbio, nikashinda huku hata sioni vizuri.

Kwa hiyo Jumamosi nitashika mimi. Nimetaka habari hii uipate kwangu, usije ukaisikia kwa watu wa kando, na naomba baraka zako. Bila hizo kiti kile kitanichoma. Miwani alitaka kufuta kivuli chako aweke changu. Nilimkatalia katakata, nikamwambia aviweke vyote viwili.

Nisalimie sana Shangazi, mumewe, na wale mapacha watundu. Waambie nimewakumbuka wote, hata yule aliyenimwagia uji. Mama anakusalimu. Babu naye anauliza kama unakula.

Mungu akuponye, akurudishie mkono wako kama ulivyokuwa. Bega likishapona, njoo ukae kwenye mashua kavu unifukuze. Kwenye boya la tatu utanisikia nikisema, "Nipo hapa, Kaka," maana ndivyo nilivyokujibu jana bila kujijua, na kofia yangu nayo ikarekodi. Ukisikia hivyo, usilegeze mkono.

Aliyekupita mara moja na bado anakufuata,
mdogo wako akupendaye,
Kiroboto