Maoni ya Bi Rukia

Marahaba, mjukuu wangu Yasmini. Shikamoo yako imenifikia hapa Guangzhou na kunikuta mzima, ila goti linanisumbua. Shangazi yako ameenda mji wa Shiling, kwenye viwanda vya ngozi, kutazama mikoba.

Unauliza kuna faida gani kutoa maoni juu ya hiyo miswada ya mahakama mnayoifuatilia huko Dodoma, ikiwa hayachukuliwi.

Nilipokuja huku ningali kijana, tulikuwa na mwenzetu wa Unguja, Bi Rukia, mnunuzi wa viatu. Serikali ya jimbo la huku ilitoa rasimu ya kanuni za kesi za biashara, ikaomba maoni. Bi Rukia hakujua Kichina, lakini Kiarabu alikisoma vizuri. Basi kila Ijumaa baada ya swala alikaa uani mwa msikiti na mzee mmoja wa Kichina. Mzee alimfasiria kwa Kiarabu, naye akaandika kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Mwishowe akamwomba mzee amwandikie kwa Kichina ombi moja: mgeni asisaini karatasi ya mahakama kabla hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Tulimcheka. "Wewe mgeni, nani atakusikiliza?"

"Wameomba maoni," akajibu. "Hawakusema ya nani."

Kanuni zilipotoka, nilimpelekea nakala mwenyewe, nione atakavyoumbuka. Yeye na mzee wakaisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ombi lake halikuwamo. Nilingoja anune. Akaniuliza tu, "Rasimu nyingine inatoka lini?"

Nitumie hiyo miswada yenu, mjukuu wangu. Nina maoni.

Babu yako,
Hamadi