Sambusa Tatu Hazitoshi Kubatilisha Uamuzi

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, nami nimevaa kofia ndani ya nyumba.

Dai langu ni hili, na nitalitetea mbele ya yeyote: uamuzi wa msuluhishi haubatiliki kwa sababu tu alikula sambusa tatu.

Mama Béatrice, Mkongo wa saluni, na Bwana Juma, Mtanzania mwenzangu anayeuza simu, wamepanga duka moja hapa Overport, ugenini kwetu sote watatu. Kila mmoja anautaka upande wa dirishani. Kwa kuwa shahada yangu ya sheria bado inanukia wino, walitia sahihi karatasi niliyoiandika mwenyewe: neno la msuluhishi ni la mwisho. Wadaawa wa nchi mbili, shauri likasikilizwa katika nchi ya tatu. Usuluhishi wa kimataifa kamili!

Niliwasikiliza leo nikiwa kwenye kiti cha Mama Béatrice, akininyoa, maana Jumatatu asubuhi nina usaili katika ofisi ya mawakili. Bwana Juma akaleta sambusa. Kwetu chakula hakikataliwi.

Nikatamka: dirisha ni la Bwana Juma.

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Maître," akasema Mama Béatrice, maana kwao wakili huitwa hivyo, "ile uamuzi yako iko na mafuta ya sambusa. Umenipa nusu ya haki, na mie nakuachia nusu ya nywele."

"Msomi, usitetereke!" Bwana Juma akacheka. "Mimi niko nyuma yako."

Nyuma ndiko pekee kulikokuwa kumenyolewa.

Nimesoma mengi kuhusu ugumu huu: uamuzi hutolewa nchi moja, mali ya aliyeshindwa iko nyingine, na mahakama ya huko hukataa kuutekeleza kwa madai ya upendeleo. Sijapata kusoma shauri ambalo mali inayoshikiliwa ni kichwa cha msuluhishi.

Niende kwa kinyozi mwingine? Huko ni kukimbilia mahakama ya ugenini, jambo ninalolipinga tangu mwaka wa pili chuoni.

Nakiri jambo moja. Msuluhishi hutakiwa kufichua mapema kila kinachoweza kuzua shaka juu yake.

Zilikuwa nne.

Hata hivyo dai langu linasimama. Mama Béatrice, najua huisoma blogu hii ukisubiri wateja. Nijibu hapa chini, mbele ya wasomaji wote, kabla ya Jumatatu: unaukubali uamuzi, au unaukataa? Ukiukataa, zipange hoja zako moja baada ya nyingine.

Kisha uje na mashine.