Aliyejificha na Mbuzi

Majengo, Meru
Jumamosi, mwezi wa saba

Kwa dada yangu mpendwa Halimah,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mahmood na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapozunguka wodini. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi imetushika hadi nyama inakaa siku nzima bila friji. Mke wangu Latifah anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu na anauliza utamletea lini dawa ya macho. Nimemwambia una kazi nyingi, kwa hivyo ujue nimeshakutetea.

Utashangaa kwa nini ninaandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Simu yangu, dada, siku hizi ni ya huyu binti yangu Hidaya. Yeye ndiye anayeshinda nayo na kila ujumbe anausoma kabla yangu. Barua hii nitampa Misheck, yule dereva wa lori la viazi vya Kibirichia anayepita hapo kwenu Embu kila wiki. Nataka uisome kabla mtoto hajafika kwako likizo ya Agosti.

Unakumbuka nilikuambia amefanya mtihani wa kuingia lile darasa maalumu la Jumamosi, la watoto wenye vipawa. Basi hakuchukuliwa. Ujumbe uliingia nikiwa buchani ninapima matumbo. Aliusoma, akanirudishia simu, akasema wamekataa, kisha akachukua ufagio akaanza kufagia sakafu ambayo ilikuwa safi.

Wewe unamjua huyu mtoto. Tangu aruhusiwe kushika kisu, hauzi moyo wa ng'ombe mpaka aupasue na kumfundisha mteja: damu inaingilia hapa, inatokea pale, na hizi ni vali. Ana mrija wa soda wa kuonyeshea njia. Mzee Gitobu huja kununua nusu kilo ya maini na kuondoka amesoma. Kuna mama mmoja alielezwa kazi ya figo hadi akaenda kununua maharagwe, na mimi nikanung'unika kwamba ninafukuziwa wateja. Nilikuwa mjinga. Baada ya ule ujumbe Hidaya alikuwa akitoka shule anasimama buchani kimya, na mteja akimuuliza kitu ananionyesha mimi kwa kidole. Mzee Gitobu alipomwomba somo la moyo, alimjibu kwa adabu akaulize watoto wenye akili. Dada, niliumia. Niliogopa kwamba ile furaha yake imezimika na haitarudi.

Si kwamba hatukujaribu. Latifah alipika pilau katikati ya wiki. Peninah, anayeuza mboga hapo jirani, alileta ndizi na juisi akakaa naye akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Mzee Gitobu alitangaza mlangoni kwamba hao waliosahihisha ni vipofu na lazima mheshimiwa mbunge aambiwe. Mimi ndiye niliyeharibu zaidi. Nilimwambia nafasi kama hizo hupewa watoto wa wakubwa. Akaniuliza Ciku, mwenzake wa dawati moja, yeye ni mtoto wa mkubwa gani, maana ameitwa na baba yake analima kahawa Githongo. Kisha akasema Ciku ni mwerevu kwelikweli, na hilo ndilo linalomuuma.

Sasa hapa, dada, tafuta kiti.

Jumapili iliyopita, tukisugua gogo la kukatia nyama, ulimi ulinitoka. Nilimwambia hata shangazi yake daktari aliwahi kukataliwa. Nikasema ulipomaliza darasa la nane ulitamani ile shule kubwa ya bweni, na hawakukuita. Nikasema uliingia kwenye zizi la mbuzi la babu, ukajifungia kwa ubao, ukakaa humo mpaka magharibi ukinuka kama beberu. Hidaya akaanza kunihoji kama polisi. Alitaka kujua ulilia au hukulia, ulikuwa na njaa, nani alikutoa. Nikajibu ulitolewa na chapati. Nikamalizia kwamba ukaenda shule iliyokubali kukupokea, na safari ya udaktari ikaanzia hapo. Alinisikiliza mdomo wazi, na mimi nikajiona fundi.

Wewe hujawahi kukataliwa popote, kila mtu hapa nyumbani anajua. Aliyejificha na mbuzi ni mimi. Nilikupa hadithi yangu kwa sababu niliona haitamfaa mtoto ikibaki yangu. Nani atafarijika na mtu aliyekataliwa na kisha akaishia kukata mifupa? Kwa hivyo nilikuwa ninakuandikia kukuomba, Hidaya akikuuliza, ukubali kwamba ni wewe.

Nilikuwa nimefika hapo asubuhi nikaitwa buchani. Sasa nimetoka kuswali adhuhuri na ninaendelea, lakini mambo yamegeuka.

Nilimkuta Hidaya amesimama kando ya mizani, na baada ya kuandika maneno yale sikuweza kumtazama. Nikamwambia ukweli wote. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alijua tangu Jumapili, kwa sababu shangazi Halimah anaogopa mbuzi, na kila Idd hujifungia ndani ya gari na kupandisha vioo mpaka kazi ya kuchinja iishe. Mimi hilo sikuliwaza hata! Alikuwa ananingoja tu aone kama nitasema. Akaniuliza kwa nini nilimsingizia shangazi. Nikamjibu kwamba niliona aibu. Akasema yeye moyo amejifunzia hapa kwa baba yake, na kule darasani kwao Ciku bado wanauchora.

Halafu akauliza ile chapati ililetwa na nani. Nikamwambia ni wewe. Akarudia mara mbili, shangazi? Kati ya mbuzi? Nikamweleza ulivyoingia umeinua chapati juu ya kichwa, unatetemeka, mbuzi wanavuta gauni, na ulikuwa unalia kuliko mimi. Mimi nilitoka zizini ili nikutoe wewe. Miaka yote hii nilikumbuka ile chapati na kusahau kwamba unaogopa mbuzi.

Ninapoandika haya Hidaya ameshapasua moyo. Mzee Gitobu ameinama juu ya meza, na Ciku, aliyepitia hapa akitoka kwenye lile darasa la Jumamosi, ndiye ameshika mrija. Nasikia wanabishana kuhusu vali, na mteja wa mbavu amesahaulika kabisa. Moyo wangu umetulia.

Kwa hivyo usidanganye chochote kwa ajili yangu. Akifika ana swali moja tu, jinsi ulivyoweza kuingia mle zizini. Ukimjibu, nami niambie.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Misheck atakupa na kifurushi cha nyama, umkatie kipande kwa taabu yake. Na asante kwa ile chapati, dada. Sikuwahi kukushukuru.

Mimi mdogo wako,
Saad