Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mikono ya Madirisha na Chumba cha Mtunza Jengo

Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi, saa 10:15 jioni
Mahali: Ukumbi wa chini, penye mita za maji
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Mama Pacha (ghorofa ya tatu), Fundi cherehani (ghorofa ya kwanza), Katibu (mimi, ghorofa ya pili)
Waalikwa: Mzee Funguo (mtunza jengo) na Fundi madirisha
Hakuhudhuria: Mjumbe wa ghorofa ya nne, anauguza mgonjwa. Mungu awape nafuu.

KUMB. NA. 1/D: KUFUNGUA
Baada ya sala fupi, Mwenyekiti alitaka Mzee Funguo asubiri nje. Mama Pacha alisema anayesemwa akae asikie. Alikaa, karibu na mlango.

KUMB. NA. 2/D: HALI YA MADIRISHA
Ilielezwa kwamba tangu jengo lipakwe rangi, madirisha kumi na moja hayafungi. Ukizungusha mkono unazunguka bure, dirisha limebaki wazi. Kwa Mama Pacha mvua imelowesha godoro la watoto. Fundi cherehani ameegemeza kabati dirishani akihofia wezi.

KUMB. NA. 3/D: TUHUMA
Mwenyekiti alieleza kwamba kabla ya rangi mikono ilikuwa mizima, na aliyeitoa ili rangi ipakwe na kuirudisha ni mtu mmoja. Huenda mizima imeuzwa, tukawekewa mibovu. Alisema hamtaji mtu, kisha akamtazama Mzee Funguo. Fundi cherehani aliongeza kwamba wiki ile alimwona akitoka na mfuko mzito. Mzee Funguo alijibu kuwa ni viatu vya kutiwa soli, na alivipeleka kwa fundi viatu, kaka wa Fundi cherehani huyo huyo.

Mwenyekiti alisoma barua ya kumwomba mwenye nyumba amwondoe Mzee Funguo kazini na katika chumba chake cha chini ya ngazi, ifikapo mwisho wa mwezi. Amekaa humo miaka kumi na tisa, na mkewe.

KUMB. NA. 4/D: MAELEZO YA FUNDI MADIRISHA
Fundi aliweka mezani mkono wa dirisha langu na wa Mama Pacha. Kwa nje huwezi kuitofautisha. Kwa ndani, ya ghorofa mbili za chini ina meno membamba, ya juu ina meno mapana. Ukiichanganya inaingia, inazunguka siku chache, huku inakwangua meno ya kichuma cha dirisha mpaka yanaisha. Alisema, "Hapa hakuna mwizi. Hii imechanganywa."

Mzee Funguo alisema alifunga kila mkono uzi wenye kikaratasi cha namba ya chumba, akaikabidhi kwa kamati. "Ilinirudia kwenye ndoo, haina hata uzi mmoja. Nikauliza, Mwalimu, ukaniambia yote ni sawa."

Katibu aliomba kusema. Kamati iliichukua mikono ili kuihesabu, kwa hofu kwamba Mzee Funguo ataipunguza mmoja mmoja. Mwenyekiti alisema nyuzi zinachelewesha hesabu. Aliyezikata ni mimi, kwa mkasi wa jikoni, nikijiona mwaminifu. Mikono ilitimia arobaini na minane. Haukupungua hata mmoja.

Mwenyekiti alishauri maelezo hayo yasiandikwe. Katibu alijibu kwamba dhambi iliyomo ni yake, na hawezi kuifupisha.

KUMB. NA. 5/D: MAAMUZI
(a) Vichuma kumi na kimoja vibadilishwe. Kila mkono uangaliwe meno na urudi ghorofa yake, Mzee Funguo akisimamia, akiwa na nyuzi zake.
(b) Barua ifutwe. Hapo Mwenyekiti alikiri kwamba aliyoisoma ni nakala. Yenyewe aliipeleka kwa mwenye nyumba asubuhi.

Mzee Funguo alisema, "Najua. Dereva wa mwenye nyumba aliniambia mchana. Mke wangu ameshaanza kufunga vyombo."

Mama Pacha alitaka Mwenyekiti aende kwa mwenye nyumba sasa hivi, tena asiende peke yake. "Aende na dada katibu na mzee mwenyewe, tusije tukaletewa maneno mengine." Mwenyekiti aliuliza kama haaminiki.

KUMB. NA. 6/D: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:40 bila sala, Mwenyekiti akiwa ameshavaa kofia. Niliisali njiani.

Kumbukumbu zimesainiwa sebuleni kwa mwenye nyumba, saa 12:25, baada ya barua kurudishwa. Mzee Funguo alipewa aichane. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mwenyekiti: (amesaini)
Katibu: (amesaini)