Gapi Wako, Baba Kemunto

Baba Kemunto,

Samaki wako wanakufa. Nilitaka kuanza na salamu, lakini hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu hadi jikoni. Dada yako aliona maji ya tangi la kioo yamechafuka, akayamwaga yote na kujaza maji baridi ya kisima. Hakuwa na nia mbaya. Mimi nilikuwa chumbani nimezungukwa na akina mama, sikujua lolote. Wageni walipoondoka nikawakuta hao samaki wako wadogo, gapi, wana vidoa vyeupe mwili mzima, kama wamenyunyiziwa unga, wakijisugua kwenye mawe.

Nilifanya nilivyokuona ukifanya. Nikawatenga wagonjwa kwenye beseni, nikatia chumvi, nikawa nabadilisha maji kidogo baada ya kuyaacha ndani yapoteze baridi. "Pole pole, Mama Kemunto, usiwashtue," ulikuwa ukiniambia. Nilienda pole pole. Walikufa tu. Wale madume wa mkia mwekundu, uliokuwa ukiwaonyesha kila mgeni, wamekwisha wote.

Kemunto alinisaidia kuwatoa kwa chujio la chai. Tangu tukuzike alikuwa hajalia. Watu walimsifu, eti mtoto jasiri. Mimi iliniogopesha.

Jana yule jike mkubwa akazaa. Vifaranga wadogo mno, macho tu. Tukawahi kuwahamishia kwenye ndoo yenye majani ya maji, mama yao asije akawala. Yeye akalala ubavu chini ya tangi, akihema. Kemunto akauliza, "Mama, atapona?"

Ulipokuwa hospitalini Kisii uliniambia, "Usimwambie mtoto." Nikamwambia utarudi kabla ya Sabato. Sabato ikapita, nikasema ijayo. Jana sikuweza tena. Nikamwambia, "Hapana, hatapona."

Alinitazama. Akauliza kama nilijua kwamba na wewe hutapona.

Nikasema ndiyo, nilijua.

Alinipiga, Baba Kemunto. Ngumi zote mbili, hapa kifuani, akikuita wewe kwa sauti hadi majirani wakatoka. Sikumzuia. Alilia mpaka akaishiwa nguvu, akalala mapajani mwangu na viatu vyake miguuni.

Leo asubuhi tumemzika yule jike chini ya migomba. Vifaranga nao wameanza kufa. Waliobaki wanakula kiini cha yai la kuchemsha, Kemunto anakivunjavunja kwa vidole mpaka kiwe vumbi. Bado hanisemeshi, ila ndoo ananiachia nibadilishe maji. Sijui kama kuna atakayekua. Nimemwambia hivyo hivyo, sijui.

Pumzika, mume wangu. Ulichoniomba nimfiche sitakificha tena. Siku atakayouliza usiku wako wa mwisho ulikuwaje, nitamketisha karibu yangu nimweleze yote, hata yale yanayonishinda mimi kuyakumbuka.

Wako,
Mama Kemunto