Kobe Ajitokeze au Abaki Kwenye Gamba?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, maana nimejificha mahali ambapo sasa sijui nitatokaje.

Mimi ni mama wa makamo, nina duka la vifaa vya umeme, nimeuza soketi na balbu miaka nenda miaka rudi bila kujua ndani yake mna nini, basi mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikajiandikisha chuo cha ufundi nisome umeme wa majumbani, na binti yangu, ambaye tunaishi naye sisi wawili tu, naye akachagua kozi hiyo hiyo, nikafurahi nikajua tutasaidiana. Wiki ya kwanza tu nikanyoosha mkono nikamuuliza mkufunzi, eti swichi ikizimwa ule umeme unabaki wapi, weee, darasa zima lilicheka mpaka madawati yakatikisika, na jioni binti yangu akaniambia, "Mama, nakuomba sana, usinyooshe mkono tena. Kila mtu anajua wewe ni mama yangu." Niliumia, mshauri, lakini nikamwambia sawa.

Sasa mkufunzi wetu ana mtindo wake, hataki mtu akae kama gunia akisikiliza tu. Simu zetu zote zimeunganishwa na ubao mkubwa wa mbele kwa apu inayotumia waifai ya chuo, anatupa swali, kila mtu anajibu peke yake kwa simu, halafu anasema, "Haya, bishaneni na jirani," tunabishana, tunajibu tena, na mwenye swali lake analiandika linatokea ubaoni kwa jina la utani alilojichagulia, na mwenyewe hajulikani. Nikajiita Kobe, kwa jinsi ninavyoandika polepole kwa kidole kimoja, na tangu hapo kinywa changu kimefunguka, nauliza kila nisichoelewa.

Siku moja alituuliza, balbu mbili za zile za nyuzi, moja ya wati sitini na nyingine ya wati mia, zikifungwa kwa mfululizo, yaani waya mmoja upite hii ndipo ufike ile, ipi itawaka zaidi? Karibu wote tukabonyeza ya mia, na mimi nikiwemo, tukabishana wee na bado hakuna aliyebadilisha jibu. Nikaandika, "Mwalimu, kwa nini tusizifunge tukaone?" Zikafungwa. Ile ya sitini ikawaka vizuri, ya mia ikabaki inasinzia, basi darasa likalipuka, watu wakapiga kelele, "Kobe! Kobe!" na kipindi chote kikaisha tukitafuta sababu, na tuliipata wenyewe: umeme unaopita zote mbili ni ule ule, na uzi wa ile ya sitini unauzuia zaidi, ndiyo maana unapata moto zaidi.

Jioni ile binti yangu, akiwa ameshika simu yangu ili akaichaji chumbani kwake kama kawaida, maana yeye ndiye anayenifungulia ile apu kila siku na kunipakulia masomo ya kesho, akasema, "Mama, huyo Kobe ana moyo. Anauliza yale ambayo sisi wote tunaogopa." Nikajibu, "Ee, kweli."

Sasa mkufunzi ametangaza kwamba mwisho wa mwezi tutafunga ubao mzima wa nyaya za nyumba, na anamwomba Kobe ajitokeze aongoze darasa, akipenda. Binti yangu kila siku ananiuliza, "Mama, unadhani Kobe atajitokeza? Mimi natamani ajitokeze." Nikisimama, ataaibika tena mbele ya wenzake, na mtoto ninaye huyo mmoja. Nikikaa, nitajidharau. Nimeshafikiria hata kuacha chuo nirudi dukani. Nifanye nini?

Mimi, Kobe

*

Dada Kobe,

Kuacha chuo? Ebu koma hapo hapo! Umesoma jinsi ya kutafuta nyaya zilipokatika, halafu unataka kuzima taa ya nyumba nzima.

Nakupa pole kwa lile la wiki ya kwanza. Binti alikosea kukunyamazisha, na wewe ulikosea kumeza maneno ukajifanya hayakuuma. Swali lako lilikuwa swali zuri, na nina hakika nusu ya waliocheka hawakuwa na jibu.

Sasa tulia, uisome tena barua yako mwenyewe. Simu yako inalala chumbani kwa nani? Nani anaifungua ile apu kila jioni? Na ukiifungua, jina lako la utani linaandikwa wapi, chini ya meza? Dada yangu, mtoto huyo anakushika mkononi kila siku, halafu unaniambia hajui Kobe ni nani! Nani anamsifu mtu kila jioni mbele ya mtu yule yule, tena kwa kurudia? Mtoto anakuomba radhi, ila anampitia Kobe. Yale "natamani ajitokeze" hakuwa anamwambia mgeni.

Inawezekana nimekosea. Basi hata kama hajui, atajua siku hiyo kwamba mtu aliyempa sifa zote hizo anampikia chai kila asubuhi. Kuna aibu gani hapo?

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya ubao keti mbele. Mkufunzi akimwita Kobe, simama, sema, "Ni mimi," na usiombe msamaha kwa umri wako wala kwa kidole chako kimoja. Usimtazame binti, utaanza kulia na bisibisi mkononi. Usijifanye unajua kila kitu pia, hukuitwa kwa sababu hiyo. Uliza kama unavyouliza siku zote, uwaache wabishane, kisha mfunge mwone. Na kuanzia siku hiyo, kila kipindi swali moja lako litoke kwa mdomo. Simu imekupa ujasiri, ahsante yake, lakini kuna mwenzako humo darasani bado anajificha nyuma ya jina lake, na anahitaji kumwona mtu mzima akinyoosha mkono bila kufa.

Ukirudi nyumbani, mpe binti yako simu aichaji, kama kila siku. Ila safari hii muulize amejua tangu lini.